Nauli Hainunui Bahari



Sifa njema zote ni za Allah (SW), aliyeisimamisha milima na kuitiisha bahari ili waja wake wapate riziki ndani yake na kusafiri juu yake. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu inashuka kutoka mlimani kwenda baharini. Mwezi wa Septemba, watoto wa shule walipopata likizo yao fupi, familia saba za msikiti wetu hapa Marangu zilifunga safari hadi Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kwenda kuwatazama nyangumi. Tuliahidi kuwaandikia wasomaji habari za safari hiyo. Ingekuwa rahisi kuandika yale tu yaliyotupendeza. Lakini huko tulitenda kosa, na kosa hilo limetufundisha kuliko mambo mengine yote tuliyoyaona. Kwa hiyo tutalieleza kama lilivyokuwa, na wala hatutamtupia mtu mwingine.

Swali la mzee

Habari ya safari ilipofika katika kikao cha kamati, mzee mmoja, miongoni mwa wale waliobeba mawe ya msingi wa msikiti wetu kwa mabega yao, aliinua mkono na kuuliza: “Ustadhi Katibu, paa la madrasa linavuja tangu masika. Nanyi mnataka kwenda kuangalia samaki?”

Tulimjibu kwamba hakuna hata shilingi moja ya msikiti itakayoguswa. Kila familia ingejilipia, na wenye uwezo wangewabeba wasio nao. Mzee alinyamaza, lakini tuliona kwamba jibu letu lilihusu fedha, ilhali swali lake lilihusu faida. Tukamwahidi kwamba jibu la faida tutamletea tukirudi.

Sababu mojawapo ya safari tulikuwa nayo moyoni. Sisi watu wa Marangu tumezoea kuwa wenyeji. Lango la kupandia Kilimanjaro liko hapa kwetu, na tangu hatujazaliwa wageni wanatoka mbali kuja kuutazama mlima wenye mita 5,895. Nyumba nyingi za hapa, za Waislamu na za jirani zetu Wakristo, zinakula kutokana na wageni hao: huyu ni kiongozi wa njia, yule ni mpishi, wengine ni wapagazi. Mtoto wa Marangu anajua tangu utotoni namna ya kumpokea mgeni. Namna ya kuwa mgeni hajafunzwa, kwa kuwa hajapata kwenda popote. Tukaona ni vyema watoto wetu wakaonje upande wa pili.

Ni kiumbe gani huyu?

Safari ya basi kutoka Himo hadi Dar es Salaam inachukua siku nzima, kwa hiyo tuliitumia kama darasa. Tulianza na kisa cha Nabii Yunus (AS), ambacho kila mtoto wa madrasa anakijua: jinsi alivyowaacha watu wake kwa hasira, akapanda jahazi lililojaa, kura ikamwangukia, akamezwa na samaki mkubwa, na akamtakasa Mola wake akiwa gizani hadi alipotupwa ufukweni akiwa hoi. Wafasiri wamepokea kwamba samaki yule aliamrishwa asimvunje mfupa wala asimchubue. Tuliwaomba watoto wakumbuke jambo hilo, kwamba kiumbe mwenye nguvu za kutisha alipewa amana ya mwanadamu dhaifu, naye akaitunza.

Kisha tukasimulia Hadithi ya Jabir (RA), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (SAW) alituma kikosi cha watu 300 chini ya Abu Ubayda (RA) kuelekea pwani. Chakula kikawaishia hadi kila mtu akawa anapata tende moja kwa siku. Wakiwa katika hali hiyo, bahari ikawatupia samaki mkubwa mno aitwaye al-Anbar, wakala kwake siku nyingi. Abu Ubayda akaamuru ubavu wake usimamishwe, na mtu aliyepanda ngamia akapita chini yake. Watoto waliposikia hayo walitazama dari la basi, wakakisia.

Watu wa pwani yetu nao walimjua nyangumi zamani. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria aliyezaliwa Baghdad, aliyefika bahari ya Zanj mwaka 916, aliandika habari za ambari iliyookotwa katika fukwe hizi, na za samaki wa ukubwa wa ajabu aliyewatia hofu mabaharia.

Elimu ya leo inatuambia kwamba nyangumi hana mashavu ya kupumulia majini kama samaki. Ana mapafu, anaibuka juu kuvuta hewa, anazaa na ananyonyesha. Wale wanaofika maji ya Unguja, Pemba na mwambao wote wa Afrika Mashariki ni hasa wa aina yenye nundu ndogo mgongoni. Mkubwa wao hufikia mita 13 hadi 16 na uzito wa tani 30 au zaidi. Miezi ya kiangazi cha kusini wanakaa katika maji ya baridi karibu na Antaktika, wakila uduvi kwa wingi mno. Baridi ya huko inapozidi, wanasafiri takribani kilomita 6,000 hadi kwenye maji yetu ya joto, na kuanzia Julai hadi Oktoba huwa wako hapa wakipandana na kuzaa.

Jambo lililowagusa zaidi akina mama ndani ya basi ni hili: mama nyangumi anapokuwa kwetu huwa hali. Chakula chake hakipo katika maji haya. Anambeba mimba kwa muda wa miezi kumi na mmoja hivi, anamzaa mtoto wa mita 4, anamnyonyesha maziwa mazito kwa mafuta, na yote hayo anayafanya kwa akiba ya mafuta ya mwili wake mwenyewe. Kisha anaanza safari ya kurudi kusini, mtoto akiwa ubavuni, bado akiwa na njaa.

Mwanafunzi mmoja wa kike wa darasa la nne akauliza: “Maalim, kwa hiyo amefunga na huku ananyonyesha? Si ameruhusiwa kula?” Basi zima likacheka. Tukamjibu kwamba ruhusa ile ni rehema ya Allah kwa binadamu, na huyu naye amepewa rehema ya namna nyingine, yaani akiba ya kumtosha, ila akiba hiyo haina ziada ya kuchezea. Tulisema maneno hayo sisi wenyewe, kwa kinywa chetu.

Kijiji chenye msikiti wa miaka mia tisa

Tulilala Dar es Salaam kwa wenyeji wema, asubuhi tukavuka kwa meli, na kwa barabara ya kusini tukafika Kizimkazi kabla ya adhuhuri. Jambo la kwanza lilikuwa kuutembelea msikiti wa Dimbani. Ukutani mwa kibla chake yamechongwa maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107. Jengo lilifanyiwa ujenzi mkubwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yale yamebaki. Tulisali Adhuhuri na Alasiri hapo, kwa kufupisha na kukusanya kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka Unguja, hivyo anayesimama katika mihrabu ile anaipa mgongo bahari kuu ya kusini, ambako nyangumi wanatoka.

Wenyeji walitueleza habari za ghuba yao ya Menai bila kuficha. Zamani wavuvi wa hapa waliwavua pomboo na kuitumia nyama yao kama chambo cha papa. Mwaka 1992 wageni walianza kuja kuwatazama pomboo hao, na kadiri fedha ya kuwatazama ilivyozidi ile ya kuwaua, uvuvi huo ulikoma katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 1997 ghuba ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Watu waliacha kuua kwa sababu ya wageni, na hilo ni jema la kushukuriwa.

Lakini neema hiyo ina upande wake wa pili. Wataalamu waliowachunguza pomboo wa Kizimkazi kwa miaka mingi wameona kwamba boti za watalii zinapowazunguka kwa wingi, pomboo hupunguza kupumzika na kutumia muda mwingi zaidi wakihangaika kukwepa. Mkuki umewekwa chini, lakini kufukuzwa kumebaki.

Nyangumi wamepitia mtihani mkubwa zaidi. Katika karne ya 20 meli za mataifa makubwa ziliwaua kwa maelfu kwa maelfu katika bahari za kusini, hadi wale wenye nundu wakakaribia kwisha. Kuwavua kulipigwa marufuku katika nusu ya kusini ya dunia mwaka 1963, ingawa baadhi ya meli ziliendelea kwa siri na kuandika hesabu za uongo. Mwaka 1979, kwa hoja iliyoletwa na Shelisheli, Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa mahali pa amani kwa nyangumi. Tangu hapo idadi yao imekuwa ikipanda, na ndiyo maana leo familia kutoka Marangu inaweza kumwona nyangumi kwa macho yake.

Kosa letu

Tulitoka ufukweni saa moja asubuhi kwa boti tatu. Pepo za kusi zinazoichafua bahari ya huku tangu Juni zilikuwa zimeanza kulegea, lakini nje ya mwamba mawimbi yalikuwa bado ni vilima. Kila mtu alivaa jaketi la kujiokolea. Nahodha wetu alikuwa kijana mstaarabu, aliyesoma dua ya safari kabla ya kuwasha mashine. Kwa karibu saa nzima hatukuona kitu ila maji. Watoto wawili walitapika, na baba mmoja akajifanya amelala ili asitapike.

Ghafla mtoto mmoja akanyoosha kidole. Nguzo ya mvuke ilipanda juu ya maji na kutawanyika, na kando yake ikapanda nyingine ndogo. Mama na mtoto. Mgongo mweusi, mrefu kuliko boti yetu, ulipita taratibu juu ya maji, na ubavuni mwake kichwa kidogo kikachomoza na kuzama. Tulisikia pumzi yake kutoka pale tulipokuwa. Boti nzima ilisema “Subhanallah” kwa sauti moja, na mama mmoja akafuta machozi kwa ncha ya mtandio wake.

Tungalitosheka hapo. Lakini simu zilitolewa, na umbali uliotosha kwa macho haukutosha kwa simu. Mtu mmoja akasema: “Nahodha, sogea kidogo.” Mtu huyo, ndugu msomaji, ni mwandishi wa safu hii. Nahodha akasogea. Nyangumi wakazama, wakaibuka mbali zaidi. “Wafuate,” tukamwambia, “tumetoka Kilimanjaro, hatukuja kuona mkia.” Boti ya pili ilipotuona tunakwenda mbio ikatufuata, na ya tatu ikazunguka ili iwatangulie mbele. Mara tatu mama yule aligeuza njia. Kila mara mtoto wake aliibuka kuvuta pumzi upesi kuliko mara iliyopita. Sisi tulikuwa tukitazama kama picha zimetoka vizuri.

Katika boti yetu alikuwamo mpagazi mmoja, ambaye kwa miaka kumi na mmoja amepandisha mizigo ya wageni hadi Kibo. Ni mtu wa maneno machache. Nauli yake ilikuwa imelipwa na ndugu mwingine wa msikiti, na tunadhani ndiyo sababu alikuwa amekaa nyuma kimya tangu tulipoondoka. Alisimama, akashika ubao wa boti, akasema: “Nahodha, zima mashine tafadhali.” Kisha akatugeukia: “Ustadhi, yule mama ana mzigo. Mwenye mzigo hakimbizwi.”

Nahodha hakumtazama mpagazi. Alitutazama sisi, kwa kuwa sisi ndio tuliomkabidhi fedha. Tulikaa kimya kwa kitambo, na kitambo hicho ndicho kinachotuuma mpaka leo. Mtu anayejua Hadithi na Aya, aliyekuwa amewafundisha watoto siku mbili zilizotangulia kwamba akiba ya mama yule haina ziada, alikuwa akipima kama picha moja zaidi ingedhuru. Hatimaye tukasema: “Zima.” Mashine ikazimwa. Nyangumi wakaenda zao, na hatukuwaona tena asubuhi ile. Watoto wengine walilia. Baba mmoja alinong'ona kwamba nauli imepotea bure.

Mazungumzo ya barazani

Usiku, baada ya Isha, tulikaa barazani. Tulimwomba radhi mpagazi mbele ya wote, kwa sababu tuliteleza mbele ya wote. Naye akatueleza kilichomfanya asimame.

Sheria ya hifadhi ya mlima inaweka kikomo cha mzigo wa mpagazi kuwa kilo 20, na mizani iko langoni. “Mizani inapima begi,” alisema, “lakini haipimi haraka ya mgeni.” Akasema amewaona wageni wenye dalili zote za ugonjwa wa mlimani, kichwa kinawapasuka na wanatapika, kiongozi anawaambia washuke, nao wanajibu kwamba wamelipa na wametoka mbali. Kiongozi anaogopa kukosa bakshishi na kusemwa vibaya, basi anaendelea. Wapagazi nao, waliokwisha kuchoka, wanakimbizwa ili kambi iwe tayari kabla mgeni hajafika. “Mgeni huyo si mtu mbaya, Ustadhi. Hapigi mtu, hatukani mtu. Anasema tu kwamba amelipa. Leo nilisikia sisi tukisema maneno yake.”

Nahodha naye alikuja kutusalimia, tukamwuliza mbona hakukataa. Alijibu bila kuona haya: “Shekhe, watoto wangu wanakula wageni wakirudi wamefurahi. Nikikataa kuwasogeza mtanuna, na kesho mtampanda mwingine. Nyinyi mkinambia mapema kwamba mnataka kuona kwa mbali, mimi mafuta yangu yanabaki na roho yangu inatulia.”

Maneno hayo mawili yalifungua jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Tulidhani mwenye kuendesha ndiye mwenye dhima. Lakini nahodha anaenda anakotazamia kuridhika kwa mgeni, kama kiongozi wa mlimani anavyofanya. Usukani uko mikononi mwake, na anayeuelekeza ni yule aliyelipa.

Maalim wetu akakumbusha Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Ibn Mas'ud (RA). Masahaba walikuwa safarini, wakamwona ndege mwenye makinda mawili, wakayachukua makinda. Mama yao akaja akipigapiga mabawa kwa huzuni. Mtume (SAW) alipomwona akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa watoto wake, akaamuru arudishiwe. Tukaongeza kwamba Qur'ani, katika Suratul An'am, inatufahamisha kuwa viumbe wa ardhini na ndege ni umma mfano wetu. Fiqhi yetu ya Kishafii imetuhalalishia vinavyovuliwa baharini, hata maiti yake, lakini uhalali wa kula haukutupa ruhusa ya kuhangaisha kwa burudani. Ukali wa Uislamu juu ya kumtesa mnyama bila haja unajulikana, nasi tuliusahau ndani ya boti kwa sababu hatukuona damu.

Kwa kasia na kwa ukimya

Siku iliyofuata fedha ya boti ilikuwa imekwisha, na pengine ilikuwa kheri. Mwenyeji mmoja alitukodishia kwa bei nafuu vyombo vile vyembamba vya plastiki vinavyoitwa kayaki, vya kupigwa kasia, mtu mmoja au wawili kila kimoja. Tulikaa ndani ya mwamba, mahali ambapo maji ni tulivu na mvuvi wa mtumbwi alikubali kutuangalia. Akina mama waliingia majini asubuhi mapema upande wao, wakiwa na stara zao kamili, na wanaume tukapisha.

Watu wa milimani hatujui kuogelea, na hatuoni aibu kusema kwamba dakika kumi za mwanzo tulishika kingo kuliko makasia. Lakini chombo kisicho na mashine kina elimu yake. Hakiwezi kumfukuza kiumbe yeyote. Unakwenda kwa nguvu ya mkono wako, unachoka, unasimama, na ukisimama unaanza kuona: kasa aliyeinua kichwa na kukitia tena majini, samaki wa rangi chini ya miguu, kivuli cha wingu kinavyotembea juu ya matumbawe.

Mvuvi yule, mzee wa makamo, alituambia tutie bapa la kasia majini na mpini tuuegemeze sikioni. Nyangumi dume huimba, alisema, na sauti yake huenda mbali sana chini ya maji. Wavuvi wa zamani walikuwa wakiisikia kwa kulaza sikio kwenye ubao wa mtumbwi. Basi tukakaa kimya wote, watoto kwa wakubwa, makasia yakiwa masikioni. Watoto watatu walisema wamesikia kitu kama mlango mkubwa unaofunguka polepole. Walitaka kuapa, tukawakataza kuapa. Sisi wenyewe hatukusikia ila maji. Hata hivyo, ndani ya robo saa ile hakuna mtoto aliyeomba simu, na yule baba aliyesema nauli imepotea ndiye aliyekuwa wa mwisho kurudi pwani.

Kwa familia zinazofikiria kusafiri

Kwa wasomaji watakaopenda kwenda, tunaweka nasaha chache tulizozinunua kwa makosa.

Msimu wa nyangumi katika maji yetu ni kati ya Julai na Oktoba, na mwezi wa Septemba bahari huanza kupoa. Si lazima kwenda Unguja. Nyangumi hao hupita pia pande za Mtwara, Mafia na Pemba, na kwa jirani zetu wa Kenya huonekana Watamu.

Kabla ya kulipa, zungumza na nahodha mkiwa bado nchi kavu. Mwambie mnataka kutazama kwa mbali, na kwamba malipo yake hayatapungua hata msipoona kitu. Sentensi hiyo moja inamwondolea dhambi yeye na nyinyi. Katika nchi nyingi kanuni ni boti isimkaribie nyangumi chini ya mita 100, na kwa mama mwenye mtoto iwe mbali zaidi. Boti iende polepole, ikae ubavuni, isimkate mbele wala isimfuate nyuma, na boti zisizidi kumzunguka. Nyangumi akigeuza njia, amekwisha kujibu.

Hakikisha kila mtu, hata ajuaye kuogelea, ana jaketi la kujiokolea linalomtosha, na kwamba la mtoto ni la mtoto. Wenye kuchafukwa wasile chakula kizito asubuhi. Panga safari ya majini ili sala isiingie katika haraka. Simu iwe kwa mtu mmoja tu katika familia, wengine watazame kwa macho waliyopewa na Mola wao.

Jibu la mzee

Tuliporudi Marangu, mzee wetu alikuwa akitusubiri kibarazani baada ya Magharibi. “Haya, Ustadhi. Mmeleta faida gani?”

Tulimsimulia yote, na hatukuficha ni nani aliyesema “sogea”. Tukahitimisha kwamba tumejifunza jinsi mtu aliyelipa anavyoweza kudhulumu bila kuinua mkono, na kwamba nauli inanunua kiti ndani ya boti tu. Bahari na waliomo ndani yake wana Mwenyewe.

Mzee aliguna, akamtazama mpagazi wetu aliyekuwa amekaa safu ya nyuma. “Hilo mngemwuliza huyu hapa hapa,” akasema, “bila nauli.”

Alikuwa na haki. Miaka yote hiyo tumesali bega kwa bega na wapagazi, na hatujapata kuwauliza wanayoyaona huko juu. Kwa hiyo kamati imekubaliana kwamba kila mwezi, Jumamosi moja baada ya Alasiri, vijana wa madrasa watakaa na mmoja wa watu wetu wa mlimani wasikie kazi yao ilivyo, hasa wale vijana wanaotarajia kuwa viongozi wa wageni kesho. Wa kwanza kualikwa ni yule aliyesimama ndani ya boti.

Na kwa kuwa mzee huyo ni msomaji wa safu hii, tunamkumbusha na kujikumbusha kwamba paa la madrasa bado linavuja. Vuli imekaribia. Familia saba zilizopata nauli ya kwenda baharini zimeahidi kuanza kutoa, na mlango wa kheri uko wazi kwa kila mwenye nia.

Tunamwomba Allah (SW) atusamehe tuliowasumbua viumbe wake, awafikishe salama mama na mtoto wake katika maji yao, na atujaalie kuwa wageni wema popote tunapokwenda, kwani dunia yote tumeingia kwa ugeni.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.